Mwaka Nilioiongelesha Pamba

Binti wa kwanza kufika kwenye mafunzo yetu pale Butiama mwezi uliopita alikuja na trei za mayai. Trei tupu, mzigo mzima, amezifunga kwa kamba ya katani na kuzibeba kichwani kutoka stendi, uso umejaa fahari ya mtu aliyejiandaa kuliko wenzake. Nilicheka mpaka nikavua miwani. Kisha nikamshika mkono upesi asije akadhani namcheka yeye, nikamwambia, "Mwanangu, trei hizi nazijua. Niliishi nazo miezi minne, hazikunisaidia kitu." Walikuwa vijana kumi na wawili wanaotaka kuwa waigizaji wa sauti, kusoma matangazo, masomo ya redio, vitabu vya kusikiliza. Wote walikuwa wanarekodi nyumbani kwao na wote walikuwa wanarudishiwa kazi kwa sababu ile ile niliyorudishiwa mimi. Ndiyo maana naitwaga kuwafundisha. Somo langu la kwanza ni fupi. Kabla hujanunua chochote, ingia chumbani kwako, simama katikati, piga kofi moja, halafu nyamaza usikilize. Chumba kitajisema chenyewe.

Walikuwa katika kupiga makofi hayo, ukumbi mzima unalia, nilipoona mwanamume mwenye kipara na tumbo la heshima amesimama mlangoni. Hakusalimia. Alipiga kofi moja, akainamisha kichwa kusikiliza, akasema, "Kibaya." Nikamjua hapo hapo, kabla hata ya kumtazama vizuri. Alikuwa Masatu, fundi niliyeanza naye kazi hii, ambaye sikuwa nimeonana naye ana kwa ana kwa miaka mingi. Siku hizi ana duka lake la vifaa vya umeme hapo hapo Butiama. Mama yake alipofariki mwaka juzi nilikuwa Dar es Salaam kikazi. Nilipiga simu, nikalia kwenye simu, nikatuma rambirambi, lakini kuzika sikufika. Jambo hilo limenikaa vibaya, na nilipomwona pale mlangoni moyo ulifurahi na kunisuta kwa pamoja. Tukakumbatiana, akanionyesha flashi ndogo iliyoning'inia kwenye funguo zake. "Kuna kitu chako humu," akasema. "Maliza kwanza kufundisha." Sijui nilifundisha nini saa ile iliyobaki. Akili ilikuwa imeshaondoka, imerudi Nyasho, kwenye mwaka ule.

Pale Nyasho, Musoma, nilikuwa nimepanga chumba kimoja: sakafu ya saruji, kuta zimepigwa lipu na rangi ya mafuta ya kijani, juu bati tupu bila dari. Kilikuwa na kitanda, meza, ndoo mbili na jiko la mafuta. Nilikipenda kweli, maana ndicho chumba cha kwanza maishani mwangu ambacho ufunguo wake nilikuwa nao peke yangu. Mchana nilichapa barua na kutoa kopi kwenye steshenari moja karibu na soko, na mdomo wangu haukutulia. Niliwasomea wateja makaratasi yao kwa sauti za kila aina, barua ya kuomba likizo kwa sauti ya mgonjwa, mkataba wa kiwanja kwa sauti ya hakimu. Mwenye steshenari alikuwa ananiambia, "Nyangeta, watu wanakuja kutoa kopi, hawajaja sinema." Lakini walikuwa wanarudi. Basi siku moja nikaletewa tangazo nilichape: kuna mchezo wa redio unatengenezwa Mwanza, wanatafutwa watu wa kanda ya ziwa wenye sauti. Nakala ya kwanza niliibandika dirishani, ya pili nikaiweka kwenye mkoba wangu. Majaribio yalifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, nikapewa nafasi ya nesi mkali wa zahanati. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyotaka kuolewa, na wakati huo kuolewa nilikuwa nakutaka sana. Mwongozaji alikuwa mama mmoja wa Mwanza, sauti nzito, anayaachia maneno moja moja. Alitueleza kwamba waigizaji tumetawanyika mikoa minne na hawezi kutusafirisha kila wiki, kwa hiyo kila mtu atafute maiki na kompyuta, arekodi kwake, amtumie. "Mkishindwa kurekodi," akasema, "sauti zenu zitabaki nyumbani kwenu."

Masatu alikuwa fundi simu na redio pale Kitaji, kijana mwembamba asiyecheka, mwenye kompyuta ndogo iliyopasuka kona na maiki iliyotumika ambayo alikuwa ameitengeneza mwenyewe. Nilimpata kwa sababu alikuwa mteja wa steshenari. Alisema atanirekodi kwa sharti moja, kwamba nisimpigie kelele. Tulirekodi onyesho la kwanza Jumapili, chumbani kwangu Nyasho, mimi nimeibana maiki midomoni kama mhubiri wa mkutano wa hadhara na nesi wangu anafoka mpaka mishipa ya shingo imesimama. Niliposikiliza nilijiona nimeua. Siku ya tatu simu ikalia pale steshenari, Mwongozaji. "Nyangeta," akasema, "sauti yako naipenda. Chumba chako sikipendi. Unasomea chooni?" Nikamwambia hapana, nasomea chumbani kwangu. Akasema, "Basi rudia." Niliudhika siku nzima. Chumba changu, na ile rangi yangu ya kijani, kiitwe choo.

Tukaamua kwamba adui ni kelele za watu, na hapo ndipo tulipopotea. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji sita. Kulikuwa na redio ya mama wa chumba cha mbele, watoto wa uani, kinu cha kusaga karanga, na juu ya bati wale korongo wakubwa wa Musoma waliokuwa wanatembea kwa miguu mizito kama mafundi wanaokagua paa. Mwenzangu mmoja wa kanisani aliniambia kwamba studio zote zinabandikwa trei za mayai ukutani. Tukazunguka kwa wakaanga chipsi wote kuanzia Nyasho mpaka stendi tukiomba trei. Tulizibandika kwa gundi ya unga kuta zote nne, na panya wakaja kula gundi, kwa hiyo sasa tukawa tunarekodi na panya. Nikafunga dirisha, nikaziba upenyo wa mlango kwa khanga, nikasoma nikitoka jasho. Mwongozaji akarudisha. Masatu akasema twende Rukuba, kisiwani, ana mjomba huko kwenye kambi ya wavuvi, huko kuna utulivu. Tulivuka na kompyuta imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Utulivu wenyewe ulikuwa upepo, injini za boti, ndege maelfu wanaogombea dagaa kwenye vichanja, na wavuvi waliosimama nyuma yangu kunisahihisha namna nesi anavyoongea. Mjomba alitupikia sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo, tukala tukashiba. Rekodi tuliyorudi nayo ilikuwa ya ndege.

Safari hii Mwongozaji hakuniuliza chochote. Alisema, "Piga kofi hapo ulipo, nisikie." Nikapiga, katikati ya steshenari, wateja wakageuka. "Umesikia ule mkia?" akauliza. "Kofi limekwisha, lakini kuna kitu kinaendelea nyuma yake. Huo ni ukuta, unakurudia. Kelele za watu mimi naweza kuzivumilia kidogo. Mkia siwezi kuukata." Halafu akaniambia lile lililoninyima usingizi. Yalibaki maonyesho manne ya kundi la kwanza. Nimtumie yote Ijumaa ya wiki inayofuata, kabla ya saa sita mchana. Yakija na mkia, nafasi ya nesi anampa dada mmoja wa Bukoba mwenye chumba kizuri. Alilisema bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba dada yule alikuwa amenishinda kwa chumba tu.

Jamani, wiki ile tulipiga makofi. Nikitoka kazini tunakutana na Masatu, tunaanza mtaa hadi mtaa. Tulipiga kofi kwenye ghala la saruji, mkia mrefu. Tukapiga kwenye sakristia ya kanisa, mkia mrefu zaidi, mpaka katekista akaja kuuliza tunamshangilia nani. Chumba cha Masatu kule Kitaji, mkia. Mapokezi ya nyumba ya wageni, mlinzi akatutoa. Kisha tukaingia duka la vitenge, doti zimepangwa kutoka sakafuni mpaka juu, Masatu akapiga kofi na kofi likafa pale pale. Tulitazamana. Akapiga tena, nikapiga na mimi, mwenye duka akadhani tumependa kitenge fulani. Nikajaribu sentensi moja ya nesi, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yangu bila ya mtu wa pili nyuma yake. Nilimwomba mwenye duka atufungie humo saa mbili tu. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza nyumbani kwetu wanajua nilipo. Lakini tulitoka pale tukiwa tunajua jambo, kwamba kitu laini kinaimeza sauti na kitu kigumu kinairudisha. Leo vijana wanalipata hilo kwenye simu kwa dakika mbili. Sisi tulilipata kwa viganja, na mpaka leo nikiingia chumba chochote kipya, hata cha msiba, mikono inaniwasha.

Jumapili yake Masatu alikuwa anakwenda kwao, kijiji kimoja nje ya Bunda, kwa sababu ulikuwa msimu wa pamba na mama yake alikuwa ameita watoto wote. Kule kwao, kabla pamba haijaenda kwenye mizani, ukoo unakaa kuichambua, safi huku, fifi, ile chafu, kule, na mtoto asiyekuja hilo linakumbukwa mpaka siku ya harusi yake. Nilikwenda naye kwa kuwa sikutaka kukaa na trei zangu. Mama Masatu alikuwa mwanamke mfupi, mikono mikubwa, anayeongea huku anafanya kazi na asiyekutazama mpaka amemaliza sentensi. Pamba ilikuwa imeshachukua nyumba. Ilijaa sebuleni, ikajaa chumba cha wageni, na chumbani kwake mwenyewe ilikuwa imefika kwenye mbao za paa, kimebaki kijia cha kupita mtu mmoja kwenda kwenye kidirisha. Watu walikuwa wanalala jikoni na pamba inalala kitandani, na hakuna aliyeona ajabu. Tulichambua mpaka jua la utosini, tukala ugali wa mtama na furu, visamaki vikavu vya ziwani, kwa mlenda. Kisha Mama akaniambia, "Binti, nitolee tenga liko kule chumbani, vua viatu." Nikaingia kile kijia, pamba kulia, pamba kushoto, pamba juu ya kichwa. Akaniita kutoka nje nifanye haraka. Nikaitika, "Abee, Mama." Sauti ikaishia mdomoni. Ilikuwa kavu, safi, karibu, kama mtu aliyeninong'oneza ni mimi mwenyewe. Nikaacha tenga, nikapiga kofi. Halikuwa na mkia hata kidogo. Nikapiga tena na tena, nikaanza kucheka peke yangu mle ndani, na nikasikia Mama anamuuliza mwanawe nje, taratibu, "Huyu rafiki yako yuko sawa?"

Kumshawishi haikuwa rahisi. Nilipiga magoti, nikamweleza mchezo wa redio, nesi, Mwanza, Ijumaa. Alisikiliza huku anachambua. "Kwa hiyo unataka kukaa na pamba yangu, mlango umefungwa, uongee peke yako," akasema. "Ndiyo, Mama." "Mtu akiongea peke yake huku kwetu tunamtafutia dawa." Masatu akaingilia, akasema ni kazi, Mama, inalipwa. "Kazi ya kuiongelesha pamba," akasema Mama, na mashangazi wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao ingawa macho yalikuwa yananichoma. Pengine aliyaona, maana aligeuza tumba moja vidoleni, akatoa masharti yake. Nisiingie na viatu. Nisile humo. Pasiingie moto wala waya wa umeme wowote karibu na pamba, hata betri ya kuchaji. Na jambo la mwisho: Alhamisi asubuhi, saa moja, wapagazi wanakuja na mkokoteni. Ni zamu yake kwenye mizani ya kituo cha kununulia pamba, na zamu ya mizani haingojei mtu. "Pamba ikiondoka, ongea na ukuta," akasema.

Nikaomba ruhusa steshenari kwa kutumia sauti yangu ya mgonjwa, mwenye steshenari akasema hiyo sauti anaijua, lakini nenda. Jumatano asubuhi tulikuwa tumeshafika na maiki. Kijijini umeme haukuwepo, kwa hiyo kompyuta ilichajiwa saluni moja Bunda mjini na chaji yake ilikuwa ya saa mbili basi. Kompyuta yenyewe ilikuwa inapumua kama mzee, kwa hiyo Masatu aliiweka nje chini ya ukuta, akapitisha waya mrefu wa maiki kwenye kidirisha, na kwa kuwa hatukuweza kusemezana alinifunga kamba kwenye kifundo cha mguu. Akivuta mara moja, rudia. Akivuta mara mbili, endelea. Maiki tuliifunga kwenye mchi, tukausimamisha katika kinu. Nilikuwa nimejifunza kukaa mbali nayo shubiri moja, mdomo umegeuka kidogo pembeni, na mbele yake tulitanda soksi ya kike kwenye mzunguko wa waya, maana kila nikisema "pumzika" au "pole" pumzi ilikuwa inaipiga maiki kofi. Vumbi la pamba liliniwasha koo, tukafunika kuta zote za pamba kwa mashuka ya Mama. Asubuhi alinipa maziwa mgando kikombe kizima, nikaona haya kukataa, nikanywa. Onyesho la kwanza kamba ikavutwa mara kumi na nne. Masatu akaja kidirishani akasema, "Maziwa yanasikika." Ulimi ulikuwa unanata kila neno. Nikasukutua kwa maji ya vuguvugu, nikaanza upya, na tangu siku ile sijawahi kunywa maziwa siku ya kazi.

Ilipofika saa tano nilikuwa nimemaliza maonyesho matatu. Siwezi kueleza raha ya asubuhi ile. Nilikuwa nimezoea kupigana na chumba, kupaza sauti ili niushinde ukuta. Mle ndani hapakuwa na wa kushindana naye. Nikipandisha sauti kidogo tu nesi anakuwa mkali, nikiishusha anakuwa amechoka, na nikinyamaza katikati ya sentensi ule unyamavu nao unasema kitu. Nilikuwa na furaha, mguu mmoja una kamba, jasho linashuka mgongoni. Tukaanza onyesho la nne, na kompyuta ikazimika. Chaji imekwisha. Onyesho la nne ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Yule nesi aliyefoka vipindi vyote anakaa kitandani kwa mama aliyefiwa na mtoto, na anaongea kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona, dakika nne nzima. Masatu akachukua baiskeli kwenda Bunda kuchaji. Umeme ukawa umekatika mjini. Alirudi jua limekwisha zama, amengoja mpaka umeme uliporudi, na Mama akasema chumbani kwake hakuna kazi ya giza, tulale.

Alhamisi nilikuwa mle ndani saa kumi na mbili na nusu, jua ndiyo linatoka. Nusu saa tu. Mara ya kwanza nilikohoa. Mara ya pili niliharakisha, maana masikio yangu yalikuwa yanautafuta mkokoteni, na nesi akawa anampa pole mfiwa kama anayewahi basi. Kamba ikavutwa mara moja. Nikanywa maji. Nikakaa kimya ile nusu dakika tunayorekodi kabla ya kila jaribio, ya chumba kitupu, ili Mwongozaji apate mahali pa kushonea vipande. Mkokoteni haukuwa umekuja. Nikajiambia, wamechelewa, Mungu ni mwema, tulia. Nikasoma tena, na tena, na mara ile ya mwisho nikasahau kabisa kwamba nasoma. Kamba haikuvutwa. Nilingoja. Halafu ikavutwa mara mbili, taratibu. Nilipotoka nje na mashuka mkononi nikawakuta wapagazi watatu wamekaa chini ya ukingo wa nyumba wanakunywa uji wa ulezi, na ng'ombe wa mkokoteni wamefunguliwa wanakula. "Mmefika," nikawaambia kwa furaha. "Tumefika," mmoja akajibu. Mama akaingia kutoa pamba yake. Aliondoka nayo bila kuniaga sawasawa, na jioni ile hakurudi, wala kesho yake. Nilipouliza, Masatu akasema ni foleni tu. Kwa miaka yote hii nimekuwa nawaambia vijana ninaowafundisha kwamba mkokoteni ulichelewa, kwamba mwanzo wangu ulikuwa na bahati.

Ijumaa tulituma kutoka intaneti kafe ya Bunda, saa tano na nusu. Ilikwenda polepole hadi nikawa naisukuma kwa macho. Jumatatu simu ikalia steshenari. Mwongozaji akaniuliza, "Umehamia wapi?" Nikamwambia, "Kwenye pamba." Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Bakia huko," akasema. "Nesi ni wako." Niliruka juu ya mashine ya kopi, ikatoa karatasi tano tupu, na mwenye steshenari akanisamehe zote. Chumba cha Nyasho nilibandua trei, nikatundika mablanketi mawili ya mtumba na godoro la mpangaji mwenzangu, nikashona mashuka na kuyajaza magunia mawili ya pamba fifi ambayo Mama Masatu alinitumia kwa basi, na kazi ikaendelea. Kila mwaka, msimu ukifika, nilikuwaga naenda kuchambua. Mama alikuwa akiniona anaanza, "Mwongeleshaji amekuja." Kisha nikahamia mbali, kazi zikawa nyingi, nikaacha kwenda.

Ukumbi wa Butiama ulipokuwa umebaki mtupu, trei za yule binti zimeegemea ukuta, Masatu alichomeka flashi kwenye kompyuta yangu na kunivalisha hedifoni. "Si ile niliyoituma Mwanza," akasema. "Hii ni nzima, ya Alhamisi, kabla sijaikata." Nikasikia nikikohoa, kijana kabisa. Nikasikia lile jaribio la haraka. Nikasikia maji yakinywewa, kisha ile nusu dakika ya kimya. Kilikuwa kimya kizuri, cha pamba tupu. Masatu akanyoosha kidole, akaongeza sauti mpaka mwisho. Mbali sana, nje ya kidirisha, magurudumu yakasimama. Sauti ya mwanamume ikasema, "Mama, tupakie upesi, zamu ya mizani itakupita." Na Mama, chini chini, kwa ile sauti yake ya kuongea huku anafanya kazi, akamjibu, "Kaeni hapo mnywe uji. Pamba yangu bado inaongeleshwa."

Nilivua hedifoni. "Walifika saa ngapi?" nikamuuliza. "Saa moja kamili," akasema Masatu. "Wewe ulimaliza saa mbili na nusu. Zamu yake ikapewa mtu mwingine. Alikaa kituoni siku mbili juu ya magunia." Nikamuuliza mbona hakuniambia, miaka yote hii. Akakuna kipara. "Siku ile alinikataza, alisema ukijua utasoma kwa haraka. Baadaye nilitaka kukwambia, akasema utaanza kumshukuru na yeye hana muda." Nikalia pale, mbele ya trei za mayai, nikimlilia mwanamke niliyepaswa kumlilia mwaka juzi kando ya kaburi lake. Masatu aliniacha nimalize. Kisha, kwa kuwa fundi ni fundi, akaigusa kompyuta akasema siku hizi kuna programu, nikitaka atazisafisha zile sauti za nje, nibaki mimi peke yangu. Nikamwambia akiigusa nitamkata mkono. Nikavaa hedifoni, nikairudisha nyuma, nikasikiliza tena wale wanaume watatu wakikaa chini polepole, wakipokea vikombe bila kuvigonganisha.